Nimeiacha Linux baada ya miaka yote ile, niko FreeBSD sasa. Redio ilinyamaza na mama wa watu hakumzika baba yake

Wakuu, natumaini mko wazima huko mliko. Huku Mugumu mvua zinanyesha, ng'ombe wanashiba, barabara ndiyo msiniulize.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, sitamlaumu. Ila haya yamenitokea mimi mwenyewe, na pale niliposimuliwa nitasema nimesimuliwa. Majina nimebadilisha. Redio siitaji, na distro, yaani aina ya Linux niliyokuwa natumia, siitaji pia, maana najua mashabiki wake watakuja na mapanga kabla hawajafika nusu ya uzi.

Niiteni Marwa. Ni fundi wa kompyuta na mitandao, napiga kazi Serengeti na Tarime, mpaka Sirari mpakani.

Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, nimeanza nayo chuo, enzi zile CD moja inazungushwa darasa zima mpaka inakwaruzika. Na sikuwa mtumiaji wa kawaida wakuu. Nilikuwa mlokole. Nilihubiri kwenye harusi, nilihubiri kwenye misiba. Shule moja kule Morotonga niliwawekea Linux maabara nzima. Mke wangu laptop yake ina Linux, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza kama anaitaka.

Kwa hiyo mtakapoona nina hasira humu, jueni si hasira ya mpita njia.

Sasa twende.

Hapa kwetu kuna kituo kidogo cha redio ya jamii. Meneja wake ni mwalimu mstaafu, tumwite mama Ghati. Ni mama mkali, haongei sana, na hapendi kompyuta hata kidogo. Aliniamini mimi. Nilipomwambia tuachane na Windows za kuchakachua tuweke Linux, aliniuliza swali moja tu.

"Haitaninyamazia?"

Nikamwambia, mama, hii hainyamazi.

Kwa mliokulia mjini ngoja niwaeleze kitu. Huku redio si muziki. Muziki watu wanao kwenye simu zao. Huku redio ni matangazo ya vifo. Mzee fulani wa kijiji fulani amefariki, mazishi ni siku fulani, habari zimfikie binti yake aliyeolewa mahali fulani, zimfikie kaka yake aliyehamia mahali fulani. Mtu akisikia jina lake anaacha jembe shambani, anafunga safari.

Tangazo likiingia jioni, mtangazaji analirekodi, anaondoka zake. Alfajiri kompyuta inalirusha yenyewe kabla watu hawajatoka kwenda shamba. Hiyo ndiyo kazi niliyompa Linux. Na kwa muda mrefu aliifanya vizuri, sitamsingizia.

Sasa kuna mzee mmoja wa Itiryo alifariki. Kwa wasiopajua, Itiryo iko Tarime, kutoka hapa ni safari. Familia ikatangaza mazishi Jumamosi. Tangazo likarushwa, likasikika.

Halafu Alhamisi jioni wakapiga simu tena kituoni. Mazishi yamewahishwa, sasa ni Ijumaa mchana. Sababu zao za kifamilia sikuuliza. Walichosisitiza ni kimoja: binti yake yuko Nyambureti, simu yake haipatikani, tafadhali tangazo lirushwe alfajiri aondoke mapema.

Simu yake ilikuwa imezima kwa sababu mvua zilikuwa zimeshika siku nyingi na sola ya nyumbani kwake haichaji. Ya mumewe hivyo hivyo. Kilichobaki ni redio ya betri.

Mtangazaji akarekodi. Akaweka kwenye ratiba. Akaenda kulala.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana kuna wataalamu wataruka moja kwa moja kwenye comments kuniuliza kwa nini sikuzima auto-update, ile ya mashine kujisasisha yenyewe.

NILIIZIMA. Niliizima kwa mikono yangu siku ile ile niliyoinstall. Kumbe siku za karibuni ilipita security patch, kiraka cha usalama cha kawaida kabisa, na ndani yake kikaja kifurushi kipya kilichoiwasha tena. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna hata ujumbe kwenye screen.

Basi ikashusha mfumo mpya wa sauti, ikang'oa wa zamani. Mashine ikaendelea kufanya kazi kwa sababu ule wa zamani ulikuwa bado unatembea kwenye memory. Halafu usiku ule wa Alhamisi umeme ukakatika, ukarudi, mashine ikawaka upya na mfumo mpya. Huo mfumo mpya ukaiangalia sound card yetu ya USB, ile inayopeleka sauti yote, hata ya maikrofoni, kwenye transmita, ukaamua kwamba haipo.

Sauti ukaipeleka kwenye kitu kinaitwa Dummy Output.

Dummy Output wakuu! Yaani shimo. Programu inacheza, vipau vya kijani vinapanda na kushuka kwenye screen, ukiangalia kwa macho kila kitu ni kizima. Kumbe sauti yote inamwagwa shimoni.

Mimi siku hiyo nilikuwa Sirari nafunga mtandao kwenye duka la mteja. Mama Ghati akanipigia asubuhi.

"Marwa, redio haisemi."

"Imetoka hewani mama?"

"Hewani ipo. Taa zote zinawaka. Ila haisemi."

Nikamwambia azime na kuwasha. Akazima, akawasha. Kimya. Nikamwambia achomoe ile sound card, achomeke upande mwingine. Kimya. Nikaacha kazi ya watu katikati nikapanda pikipiki, na mvua yote ile. Wanaoijua barabara ya Tarime kuja Mugumu wakati wa mvua hawahitaji maelezo.

Nilifika mchana umeshaenda. Kurekebisha hakukuchukua hata muda wa kunywa chai. Tangazo likarushwa jioni, lote, na jina la binti na kijiji chake.

Wakati huo mzee alikuwa ameshazikwa.

Siku chache baadaye niko kituoni, akaingia mama mmoja wa makamo, amejifunga kanga kiunoni, ana tope mpaka kwenye magoti. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akakataa kiti.

"Wewe ndiye fundi wa hii redio?"

"Ndiyo mama."

"Mimi ni Bhoke. Wa Nyambureti. Tata yangu ndiye mlimtangaza."

Tata kwa Kikurya ni baba. Nikajua.

Akaniambia Ijumaa asubuhi alikuwa amewasha redio kama kawaida, anaisikiliza kabla ya kwenda kukamua. Ikawa inatoa ule mvumo tu, haisemi. Akafikiri betri zimekwisha. Akazitoa, akaziuma kwa meno, akazirudisha. Kimya. Jua likachomoza kidogo, akazianika juu ya bati. Akangoja. Akazirudisha. Kimya. Akamtuma jirani amnunulie mpya. Kimya. Mwisho akaipiga redio kofi, akaiweka kabatini, akasema imeharibika.

Jumamosi akafunga safari na sukari yake na unga wa wafiwa, akafika Itiryo, akakuta kaburi limeshafukiwa na wageni wameshaondoka.

"Mimi nilikuwa nalaumu redio yangu," akasema. "Sasa nimekuja kuuliza. Kwa nini mlinyamaza?"

Wakuu, nimesoma. Nina vyeti. Nilifungua mdomo kumweleza na kila neno nililokuwa nalo lilikuwa takataka. Ungemwambia nini? Kwamba kuna vijana mahali fulani duniani wameona mfumo wa sauti wa zamani umepitwa na wakati? Kwamba baba yako amezikwa bila wewe kwa sababu ya kitu kinachoitwa Dummy Output?

Nikasema, "Mashine ilikosea mama. Pole sana."

Akasema, "Mashine haina baba." Akatoka.

Mama Ghati alikuwa mlangoni, alisikia yote. Hakunigombeza. Aliniambia tu tujiandae, Jumapili tunakwenda Itiryo kutoa pole. Tukaenda. Kaka mkubwa wa marehemu alitupokea vizuri, tukala, akasali. Lakini wakati wa kuondoka akamwambia mama Ghati maneno ambayo yaliniuma kuliko matusi: "Sisi tuliwaamini kama watu wanavyoamini kengele ya kanisa."

Sasa ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu mpaka hapo nilikuwa na huzuni tu.

Nilirudi nikaandika kwenye group letu la watumiaji wa Linux. Watu ninaowaheshimu, watu niliowasaidia mimi mwenyewe kuinstall. Nikaandika kwa adabu, nikaeleza tatizo, nikaweka na logs, kumbukumbu za mashine yenyewe. Nikaeleza na habari ya msiba. Nilitaka tu tusaidiane, ikibidi tupeleke malalamiko kule juu kwa watengenezaji.

Wa kwanza akajibu: "Ilikuwa kwenye release notes za toleo jipya mkuu, hukusoma?"

Wa pili: "Kwangu inafanya kazi fresh."

Wa tatu akaweka emoji ya kucheka, akauliza nani anaendesha redio kwa distro hiyo mwaka huu, hamia hii nyingine. Wa nne akabishana na wa tatu kwamba hiyo nyingine nayo mbovu. Wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe mpaka msiba wangu ukafukiwa chini ya vita vya distro.

Hakuna hata mmoja aliyeandika pole. HATA MMOJA.

Nikapeleka bug report, ripoti ya hitilafu, kule kwenyewe kwa watengenezaji. Kesi ikafungwa na maelezo kwamba mfumo umefanya kazi kama ulivyokusudiwa.

Kama ulivyokusudiwa! Kwamba kusudio lilikuwa Bhoke wa Nyambureti aanike betri juu ya bati?

Na mnajua kilichonikera zaidi? Nilijitambua mle kwenye group. Sikuwahi kumtendea mtu jambo baya kiasi hicho, lakini lugha ile ya "hukusoma" na "kwangu inafanya kazi" ndiyo lugha ya kijiwe chetu chote. Tunaisifia kompyuta mpaka tunasahau kuna mtu amekaa upande wa pili anasubiri isaidie maisha yake.

Haya, tuendelee na safari.

Kuna jamaa tunanunuliana vifaa, Mkenya wa upande wa Isebania, anaitwa Ochieng. Anasambaza intaneti kwa maduka pale mpakani. Nilipomsimulia akacheka kwanza, na nilikuwa karibu kumkunja.

"Pole, pole. Sicheki msiba," akasema. "Nacheka juu wewe bado unateseka na hiyo kitu. Si uhamie FreeBSD? Mimi mashine yangu ya kugawa mtandao iko hapo tangu nioe, na sasa mtoto ako shule."

Nikamwambia hiyo BSD, mfumo mwingine wa bure, ni vitu vya wazee.

"Haya, ni vya wazee," akasema. "Na wazee hawahamihami nyumba kila mwaka."

Ochieng ana majivuno sana, mnisamehe, lakini hilo neno liliingia.

Kituoni hali ilikuwa mbaya. Bodi ilikuwa imekaa na mwenyekiti ameleta mtaalamu wake kutoka Mwanza, kijana wa suti, aliyependekeza turudi Windows na kila kitu kiwe cloud. Nikamuuliza mtandao ukikatika huku, jambo ambalo ni la kila wiki, cloud itafanya nini. Akasema hilo ni suala la miundombinu.

Mama Ghati akainua mkono. Akasema, "Marwa apewe nafasi moja. Ikishindikana, yeye mwenyewe ataondoka pamoja na mashine yake."

Kwa hiyo wakuu, mkate wangu na jina langu vyote viliwekwa mezani.

Nikahamia. Nilianza Jumapili baada ya ibada, transmita ikiwa inarusha kipindi kutoka kwenye laptop ya akiba tuliyoitafuta baada ya kisa kile.

Nitawaambia ukweli wote, sitaki mtu aje kusema nilimdanganya. Wi-Fi ya mashine ile ilinigomea kabisa, nikatumia waya. Printa ya kituo haikutaka hata kuonana na mimi. Programu niliyozoea ya kupanga vipindi haipo kwa FreeBSD, ikabidi niandike script yangu na cron, ile inayoendesha kazi kwa saa uliyoipangia. Amri nilizozishika kwa miaka, nyingine zina tabia tofauti, vidole vinaandika kabla ya akili. Kuna wakati nilijiona kama mtu mzima anayejifunza kutembea.

Lakini kuna mambo yalinishangaza mpaka nikaacha kuandika.

Kuna handbook. Nikasema ngoja nione imeandikwa lini, maana nimezoea kusoma mwongozo wa kitu ambacho kimeshabadilishwa mara kadhaa. Nikakuta ilichosema ndicho kilichoko kwenye mashine. Man page, maelezo yaliyomo ndani ya mfumo wenyewe, inasema faili liko hapa, unakwenda, unalikuta hapo hapo.

Mfumo wenyewe uko upande wake, programu unazoongeza ziko upande wake. Kabla ya kugusa chochote unapiga picha ya mfumo mzima kwa amri moja, mambo yakiharibika unarudi ulikotoka. Na updates hazijishushi. Unazishusha wewe, siku unayotaka wewe, ukiwa macho.

Siku ya majaribio bodi ikaja, na kijana wa suti akaja. Nikaanza kueleza. Nilikuwa nimejiandaa, nimepanga maneno.

Mama Ghati hakunisubiri. Alikwenda ukutani akachomoa waya wa umeme wa kompyuta, katikati ya sentensi yangu.

"Tuone," akasema.

Redio ikanyamaza. Akahesabu pumzi chache, akachomeka tena. Mashine ikaamka, ikapita hatua zake, script ikaanza, vipau vya kijani vikapanda.

Kimya.

Kimya kabisa wakuu. Kijana wa suti akamtazama mwenyekiti, akatabasamu.

Nikakaa kwenye kiti, nikauliza mfumo unaona sound card ngapi. Ukanijibu pale pale: naona hizi, na ninayotumia ni hii. Ilikuwa imechagua ile ya kwenye HDMI, waya wa screen, kwa sababu ile ya USB ilichelewa kuamka. Yaani kosa lile lile la Linux! Lakini huyu hakunificha, hakunipeleka shimoni akinionyesha kwamba kila kitu ni kizima. Nikafungua man page ya sauti mbele ya bodi nzima, nikasoma, nikaandika mistari miwili, nikahifadhi.

Nikamwambia mama Ghati, "Chomoa tena."

Akachomoa. Akachomeka.

Tukasubiri.

Halafu sauti ya mtangazaji ikatoka kwenye spika, ikaendelea na salamu za wasikilizaji kama mtu aliyekuwa amenyamaza kidogo kumeza mate.

Mama Ghati akachomoa tena bila kuniambia. Akachomeka. Ikarudi. Akachomoa tena. Mwenyekiti akamwambia mwalimu basi inatosha utaichoma. Akasema, "Huko vijijini umeme haukatiki mara moja."

Nikapewa kazi niendelee. Nimeongeza kitu kingine pia: sasa kuna script inayosikiliza redio yenyewe kutoka hewani, kwa kiredio kidogo cha pembeni. Ikisikia kimya, simu yangu na ya mama Ghati zinalia. Hilo ningeweza kulifanya hata kwenye Linux, nakubali, msijichoshe kunikumbusha.

Tangu hapo umeme umekatika mara nyingi mno. Redio imerudi yenyewe kila mara. Nyumbani laptop yangu nayo ni FreeBSD. Ya mke wangu nilimuuliza, kwa mara ya kwanza. Amesema anataka Windows. Nimemwekea Windows.

Juzi juzi nilikutana na Bhoke mnadani. Alikuwa ameleta mbuzi. Nikamwamkia, akaitikia. Sikujizuia, nikaanza kumweleza kwamba tumebadilisha mashine yote, kwamba ile sasa hata ukichomoa umeme inarudi, kwamba haiwezi kutokea tena. Nilikuwa naongea haraka kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Akanisikiliza mpaka mwisho, ameshika kamba ya mbuzi.

"Vizuri," akasema. "Basi wengine watasikia."

Akamvuta mbuzi wake, akaendelea.



Nilichojifunza: sijaja kuwaambia FreeBSD ni mbingu. Ina kasoro zake, nimezitaja. Linux ilinilisha na kunisomeshea watoto, sitaitukana. Ninachokataa, na nitakikataa mpaka nife, ni mtu kuingia kwenye mashine yangu bila hodi, akabadilisha kitu kinachofanya kazi, kikavunjika, halafu akaniambia niliandikiwa na sikusoma. Huyo Bhoke yeye aliandikiwa wapi?

Nyie mnaoendesha mashine ambazo watu wanazitegemea, za zahanati, za shule, za maji, yamewahi kuwakuta? Mlifanyaje? Waliohamia BSD kabla yangu naomba uzoefu, hasa kwenye Wi-Fi na hiyo printa. Anayebaki Linux na ana hoja, alete, nitamsoma neno kwa neno.

Ila anayetaka kuandika "kwangu inafanya kazi", kabla hajabonyeza send, kwanza aandike pole.